Nyumba Njema si Mlango

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali jijini Nairobi. Tunaichapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Pengine wapo kati yenu wanaojiuliza ni kwa nini sisi, tuliozoea kusimama mbele yenu tukizungumzia katiba, kura na uhuru wa mahakama, tumekuja leo kuzungumzia mabati, mawe na vyoo. Jibu letu limo katika historia yetu wenyewe. Mnamo Mei 1990, mwezi ule ule ambao Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza hadharani kudai mfumo wa vyama vingi, matingatinga na askari wa jiji waliingia katika kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, wakakibomoa. Wakazi walipambana kulinda vibanda vyao. Makanisa yalipaza sauti kulaani kitendo hicho. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza watu wa Muoroto maana ya utawala usioulizwa swali. Walikuwa wamekwisha kuiona maana hiyo ikija na minyororo ya chuma.

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991. Katiba mpya ilipatikana mwaka 2010, na Ibara ya 43 ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na yanayostahili, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Tuliimba, tukapiga vigelegele. Lakini mama anayeishi katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, pamoja na watoto wake wanne, hawezi kukinga mvua kwa nakala ya katiba. Ndiyo maana tunasema kazi tuliyoianza mwaka 1990 haijakwisha.

MJI ULIOJENGWA KWA KUFUKUZA

Nairobi ulipangwa tangu mwanzo kama mji ambao Mwafrika angekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Hakutarajiwa kuwa na mke hapa, wala watoto, wala uzee. Alitengewa kitanda, si nyumba. Hata hivyo watu walijenga. Walijenga Pangani, walijenga Majengo ya Pumwani, kwa nyumba zile za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati na vyumba pande zote mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 utawala wa kikoloni uliibomoa Pangani, na sehemu ya wakazi wake ikahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo la mtaa linajieleza lenyewe: aliyeambiwa ahame aliachiwa shauri na moyo wake.

Mkoloni aliondoka, lakini desturi yake ilibaki. Baada ya Muoroto yalikuja mengine. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kilibomolewa. Wakazi walikwenda mahakamani, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi Januari 2021 ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata watu wasio na hatimiliki, wanaoishi katika ardhi ya umma kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Uamuzi huo ni nguzo kubwa, nasi tunawapongeza waliouleta. Lakini hesabuni: ni zaidi ya miaka 9 kati ya tingatinga na hukumu, na hata hapo kesi ilirudishwa Mahakama Kuu ili ipange wakazi wafidiwe vipi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya ubomozi alikuwa amefikia umri wa sekondari.

Sheria za ardhi zilirekebishwa mwaka 2016, zikaagiza notisi ya miezi 3 kabla ya mtu yeyote kufukuzwa. Hata hivyo, Novemba 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walijikuta wakilala juu ya kifusi cha nyumba zao ili barabara ipite. Mwaka 2024 mafuriko yaliposomba watu na mali katika bonde la Mathare, tingatinga lilifuata nyuma ya maji. Hatukatai kwamba ukingo wa mto si mahali salama pa kulala. Tunachouliza ni hiki: aliyeondolewa mtoni usiku alielekezwa wapi asubuhi?

TULIYOJIFUNZA DANDORA

Tusije tukadhani kwamba hakuna kilichowahi kujaribiwa. Mwaka 1975 serikali na Benki ya Dunia zilianzisha mradi wa Dandora. Wazo lilikuwa la busara. Badala ya kumjengea maskini nyumba kamili ambayo hangeimudu, apewe kiwanja chenye maji, choo na bafu, pamoja na mkopo wa vifaa, kisha ajenge vyumba vyake polepole. Viwanja 6,000 vilipimwa. Familia nyingi zilianza na chumba kimoja au viwili, zikapangisha vingine ili kulipa mkopo. Wapo kati yenu waliosomeshwa kwa kodi ya vyumba hivyo.

Kisha nini kikatokea? Thamani ya viwanja ilipopanda, wenye fedha walianza kuvinunua kutoka kwa wale ambao mradi uliwakusudia. Aliyekuwa na mgonjwa hospitalini aliuza. Aliyeshindwa na mkopo aliuza. Nyumba za ghorofa zilipanda mahali pa zile za chini, na maskini akarudi kuwa mpangaji, mara hii katika giza la ghorofa. Na kando yake likawekwa jaa kuu la taka la jiji.

Funzo la Dandora, kwa hiyo, lina pande mbili. La kwanza ni kwamba watu wa kipato cha chini wanajua kujenga, wakipewa ardhi na maji. La pili ni kwamba hatimiliki ya mtu mmoja mmoja, katika mji wenye njaa ya ardhi, ni kama mfuko uliotoboka: unachotia juu kinavuja chini.

MIRADI YA GHOROFA

Mwaka 2003 serikali na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuanza kuboresha vitongoji duni. Mwaka 2009 familia za kwanza za Soweto Mashariki, Kibera, zilihamia nyumba 600 za muda kule Lang'ata. Ilipofika Julai 2016 nyumba 822 mpya zilikabidhiwa. Kwa aliyepata, ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini pimeni urefu wa muda huo kwa ukubwa wa Kibera.

Siku hizi tuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, na kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, huku mwajiri akitoa kiasi kama hicho. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru. Hatukuja hapa kuzibeza. Anayehama kutoka kibanda cha mabati hadi nyumba ya mawe yenye maji ndani amepiga hatua, na asiyeliona hilo hajawahi kulala kibandani. Ila tunayo maswali, na ni haki ya anayekatwa mshahara kuuliza. Je, mama anayeuza mboga, ambaye kipato cha leo hakimhakikishii cha kesho, ataweza kulipa kila mwezi kwa miaka mingi bila kukosa? Akikosa, atatolewa na nani, kwa utaratibu gani? Meza yake ya mboga itakaa wapi, naye yuko ghorofa ya nane? Fundi wa jua kali atagonga nyundo yake chumba gani? Na wapangaji, ambao ndio walio wengi mno katika mitaa yetu, wamo katika orodha, au orodha ni ya wenye mabanda na marafiki wa wakubwa?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tunaongeza kwamba mtaa mwema si majengo pekee. Ni maji, ni kazi, ni shule, ni zahanati, ni jirani anayejua jina la mtoto wako.

WATU WALIOJENGA WENYEWE

Hapo ndipo tunapotaka kuwapeleka Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kijiji cha Tanzania-Bondeni katika mji huo, wengi wao wakiwa wamejenga katika ardhi isiyo yao, walipata nafasi ya kuchagua namna ya kuimiliki. Wangeweza kuchukua hatimiliki kila mtu na yake. Badala yake waliketi, wakajadiliana, wakachagua kuimiliki ardhi kwa pamoja kupitia chama chao. Kila familia ina nyumba yake na inaweza kuirithisha. Lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya wote, na anayetaka kuondoka huuza nyumba kwanza kwa jamii, si kwa tajiri anayepita na gari. Sababu yao ilikuwa nyepesi: walijua kwamba mlango ukiachwa wazi, mwenye fedha ataingia. Taratibu za kisheria zilikuwa ndefu na zenye kuchosha, kwa kuwa sheria zetu hazikutungwa kwa ajili ya umiliki wa namna hiyo. Lakini walituonyesha jinsi ya kuziba tundu lililoivujisha Dandora.

Hapa Nairobi, twendeni Huruma, katika kijiji cha Kambi Moto. Mwaka 1996 watu wa vijiji vya mabanda waliunda umoja wao, Muungano wa Wanavijiji, ili kuzuia ubomozi na unyakuzi wa ardhi. Kambi Moto walianza kwa kuweka akiba, shilingi kwa shilingi. Wakahesabu kila nyumba na kila mtu wao wenyewe. Kisha wakakubaliana jambo gumu kuliko yote: kwamba mwenye mabanda mengi atapata nyumba moja, na mpangaji naye atapata nyumba. Mwaka 2003 Baraza la Jiji la wakati huo lilikubali kulegeza baadhi ya masharti ya ujenzi, na ujenzi ukaanza. Kiwanja cha kila familia kilikuwa takriban mita 4.5 kwa 4.5. Nyumba ilianza na chumba cha chini, kisha ikapanda kwa kadiri ya uwezo wa mwenyewe. Wanawake walichanganya saruji na kumimina sakafu kwa mikono yao.

Ninyi wasomaji wa Biblia mnakijua kitabu cha Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na mkandarasi mmoja. Wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao, na kwa hiyo kila mmoja alijenga kwa makini, maana adui angepitia hapo angemkuta yeye kwanza. Kumbukeni pia kwamba ujenzi ulipokuwa ukiendelea, maskini walimlilia Nehemia kwamba mashamba na nyumba zao zimewekwa rehani kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakusema tumalize ukuta kwanza. Aliitisha mkutano, akawakemea wakopeshaji, wakarudisha.

Tunapotaja kulegeza masharti ya ujenzi tusieleweke vibaya. Katika Huruma hiyo hiyo, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa mvua, na watu zaidi ya 40 walikufa. Masharti yanayohusu msingi, nguzo, vyuma na uwiano wa saruji hayana maskini wala tajiri; hayo yashikwe kwa mikono miwili. Yanayopaswa kulegezwa ni yale yanayodai kiwanja kikubwa, barabara pana ya magari kwa watu wasio na magari, na vifaa vya bei ghali pale ambapo vya bei nafuu vinatosha. Matofali ya udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hayahitaji kuchomwa kwa kuni, na yale yanayoshikana hupunguza sana lipu ya kuunganishia. Ila yafaa kukumbuka kwamba udongo mweusi wa upande wa mashariki wa jiji, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, haufai kwa kazi hiyo, wala haufai kubeba nyumba yenye msingi wa juujuu. Fundi mwaminifu atawaambia hivyo; fundi mwenye haraka atanyamaza.

MTAA UNAOJITEGEMEA

Tuseme sasa kuhusu maji. Mtungi mmoja ni lita 20. Mitungi 50 ni lita 1,000. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, lita hizo 1,000 zinagharimu shilingi 250. Siku za uhaba, mtungi ukifika shilingi 20, ni shilingi 1,000. Mwenye mfereji ndani ya nyumba mitaa ya juu hulipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo kwa maji yale yale. Ongezeni choo cha kulipia, ongezeni umeme wa kuunganishiwa na walanguzi. Ndugu zetu, maskini hakosi fedha za kulipia huduma. Anazilipa tayari, na analipa zaidi, kwa watu wasiostahili kuzipokea.

Hilo ndilo lililowasukuma watu wa Mukuru kukataa mpango wa vipande vipande. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, likiwa na kaya zaidi ya 100,000 katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Watu walijipanga kuanzia vikundi vya majirani wa nyumba chache hadi mtaa mzima, wakajadili barabara, maji, afya, shule na biashara kwa pamoja, pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu na wa mashirika. Walijadili mabomba madogo ya majitaka yanayopita katika vichochoro bila kubomoa nusu ya kijiji. Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Tarehe 12 Septemba 2011, pale Sinai, mafuta yaliyovuja kutoka bombani yalishika moto na kuua watu zaidi ya 100. Kijiji kinapokua bila mpango na bila njia ya gari la zimamoto, ajali ya saa moja huwa msiba wa taifa.

Mtaa unaojitegemea si mtaa uliojitenga. Ni mtaa ambao shilingi iliyochumwa humo huzunguka humo kabla ya kutoka. Nyumba za chini ziachiwe maduka, vinyozi, cherehani na karakana. Paa zikinge mvua. Vyoo vya pamoja vitoe gesi ya kupikia, kama inavyofanyika tayari katika baadhi ya vijiji vya Kibera, ambako pia akina mama hupanda sukuma wiki katika magunia kwa kuwa hakuna shamba. Watoto wafike shuleni kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Taa ziwepo njiani, ili binti aweze kwenda chooni usiku bila hofu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mhandisi kutoka ng'ambo.

MAKOSA YETU WENYEWE

Hatutakuwa waaminifu tukiwanyoshea wengine vidole bila kujitazama. Sisi wanamageuzi tulipigania haki ya kupiga kura, tukaipata, na wengi wetu tukahamia mitaa yenye mageti. Baadhi yetu ndio wenye mabanda. Tunadai haki mchana na kukusanya kodi jioni, kutoka kwa wapangaji wasio na maji wala risiti.

Makanisa nayo yana ardhi. Mengine yalipewa viwanja vikubwa zamani, na sehemu yake imelala kwenye nyasi huku ng'ambo ya ua watu wakilala kwa zamu. Mengine, semeni ukweli na mumwaibishe shetani, yalipokea viwanja vya umma kutoka kwa wakubwa siku za harambee bila kuuliza vilitoka wapi. Tunajua sote hadithi ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Ahabu hakulitwaa kwa upanga. Alilitwaa kwa barua, kwa mihuri, na kwa mashahidi wa uongo. Je, kiwanja kile ambacho tumesimikia msalaba kilikuwa cha Nabothi gani?

TUNAYOOMBA YATENDEKE

Kwa hiyo tunaondoka hapa na mambo matano.

1. Kila parokia na kila ushirika ukague ardhi yake, na ile isiyotumika ijadiliwe na waumini kama inaweza kukabidhiwa umoja wa wakazi kwa umiliki wa pamoja, kwa mfano wa Voi.

2. Tuunde makundi ya kuhesabu watu, nyumba, vyoo na mifereji katika mitaa yetu, kabla ya serikali kutuhesabu kwa niaba ya mwekezaji.

3. Wapangaji waandikwe kwanza katika kila mradi, na orodha ibandikwe mlangoni mwa kanisa na mwa ofisi ya chifu ili kila mtu aisome.

4. Fedha za makato ya nyumba zitolewe hesabu hadharani, na sehemu yake ielekezwe katika maji, majitaka na mikopo midogo ya kujenga polepole, si katika ghorofa pekee.

5. Notisi yoyote ya kuhamisha watu ipelekwe siku hiyo hiyo kwa mawakili na kwa viongozi wa dini, ili sheria ya miezi 3 isivunjwe usiku.

Ndugu zetu, mwaka 1990 tulipodai vyama vingi tuliambiwa kwamba nchi bado haijakomaa. Leo maskini anaambiwa jambo lile lile juu ya nyumba: kwamba hajakomaa kuimiliki, ataiuza, hataitunza, hawezi kupanga mtaa wake. Watu wa Kambi Moto wamejibu kwa kujenga. Watu wa Tanzania-Bondeni wamejibu kwa kushikana. Jibu letu sisi liwe ni kufungua makabati ya hatimiliki zetu Jumapili ijayo, kabla hatujamnyoshea mtu mwingine kidole.

Mungu atujalie nyumba, haki na amani.